Maranda ya Chuma ya Wifi

Mimi na wifi yangu tulianza kwa kugombana, na kilichotugombanisha kilikuwa kitambaa cheupe.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzijuzi, hata milango ya nyumba ya wakwe sijaizoea, na nilikuwa na kitambaa cha bibi harusi wa watu kilichodondokewa na mafuta ya cherehani. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka. Nyuma ya nyumba unapita mfereji ambao maji yake ukiyatazama kwa haraka yanaonekana safi, na mimi nilikuwa na haraka. Nikafua. Kilipokauka kambani kilikuwa cha manjano, manjano ya macho ya mgonjwa wa ini, na hakuna sabuni iliyokirudisha.

Nikauliza mfereji unatoka wapi. Nikaambiwa unatoka karakana ya kuchovya kromu, na anayesimamia matangi huko ni dada mkubwa wa mume wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Nilimwendea nimekishika kile kitambaa kama kielelezo cha mahakamani.

"Wifi, tazama mnachonifanyia."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anajipaka mafuta ya mgando vidoleni. Alikitazama kitambaa bila kukigusa, kisha akanigeuzia viganja. Vidoleni mwake mlikuwa na vidonda vidogo vya duara, vyenye kina, utadhani vimetobolewa kwa msumari.

"Hayo yaliyokipaka rangi kitambaa chako," akasema, "ndiyo yaliyonitoboa mimi. Kitambaa utapata kingine."

Nilirudi chumbani nimevimba, sijui nimkasirikie nani.

Kazi ya ile karakana ni kuvirudishia ujana vitu vikuukuu. Unapeleka bampa la gari lililoliwa na kutu, kitasa, bomba la sinki, usukani wa baiskeli. Kwanza vinapita kwa mume wangu, ambaye ni mpiga msasa; anavisugua kwenye jiwe linalozunguka mpaka vilainike. Halafu vinapita kwa wifi. Anavining'iniza ndani ya matangi yenye dawa na umeme, na vinatoka vimevaa kromu, unaweza kujitazamia meno. Mwisho vinasuuzwa. Yale maji ya kusuuzia ndiyo ya manjano, na ndani yake kuna kromu ambayo haikupata pa kushika, sumu inayotoboa ngozi na kujipenyeza hadi visimani bila kunuka.

Mume wangu wanamwita Kioo, na jina limemkaa. Hawezi kuona kitu kilichofifia akakiacha. Sufuria zangu zimekonda kwa kusuguliwa. Kijiko kikipita mkononi mwake kinarudi mezani kinameremeta, na shati likiwa na doa la ukubwa wa punje ya mchele halitoki nje ya mlango. Ufundi huo alifundishwa na dada yake, na ni dada yake aliyemwombea kazi pale. Kwa dada yake yuko tayari kuruka motoni. Nilikuwa naona wivu, na sioni sababu ya kuficha.

Wifi mwenyewe mtaa ulimpa jina la Mama Mapipa, ingawa hakujaliwa mtoto. Mapipa yalianza hivi. Mwalimu mmoja wa chuo, mwanamke mwenye miwani minene na upole mwingi, aliwaleta wanafunzi wake kutazama matangi. Wifi akamwonyesha vidole. Yule mwalimu hakusema pole akaenda zake. Alivuta kigoda akakaa. Akamweleza kwamba kromu ya manjano ina hasira, na chuma cha kawaida kinaituliza. Maji yakipita polepole kwenye maranda ya chuma, yale manyoya yanayodondoka fundi anapokereza chuma kwenye mashine, umanjano unakwisha. Ukiyatia chokaa baada ya hapo, kromu iliyotulia inajikusanya na kuzama, matope ya kijani yanabaki chini na maji juu. Matope unayakausha na kuyatia kwenye gunia, hayaendi tena mferejini. Alirudi siku nyingine na vichupa vyake, wakajaribu pamoja kwenye ndoo.

Ndoo ilikubali. Pipa likakataa.

Pipa la kwanza lilikataa kwa sababu maranda yalikuja na mafuta ya mashine, na chuma kilichojipaka mafuta hakigusani na maji. Wifi akayatoa yote, akayachemsha kwa magadi, akayarudisha. Yakakubali kwa muda, kisha yakaganda. Yalishikana kwa kutu yakawa jiwe moja, maji yakafurika, na wifi akashinda analivunja lile jiwe kwa mtaimbo huku mafundi wenzake wakimpigia makofi. Ndipo akajifunza kuyachanganya na kokoto. Chokaa nayo Tajiri, yaani mwenye karakana, aligoma kuinunua. Wifi akaenda kwa wachomeleaji. Wao hutengeneza gesi kwa mawe fulani, na mawe hayo yakishatoa gesi hubaki uji mweupe ambao wanaumwaga nyuma ya banda. Uji ule ni chokaa tupu.

Kwa hiyo kila alichotumia kilikuwa kimetupwa na mtu. Ungedhani hapo mambo ni mteremko. Mkereza vyuma ambaye miaka yote alikuwa akiwabembeleza watu wamwondolee maranda, alipoona yanatafutwa alianza kujivuta: njoo kesho, njoo Ijumaa, ah, wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita asubuhi. Wachomeleaji ambao uji ule ulikuwa unawababua miguu walianza kumwuliza anapika nini. Na Tajiri alikuwa na mzaha wake ambao hakuchoka kuurudia kwa kila mteja:

"Mimi nahangaika taka zitoke, huyu mwanamke anaziingiza kwa toroli."

Wateja walicheka. Wifi alisukuma toroli lake akapita. Jioni alirudi nyumbani nywele zimejaa vumbi la kahawia, na mimi niliyekuwa sijamsamehe bado nikaanza kumsogezea bakuli la mboga bila kuombwa.

Kilichombadilisha Tajiri ni mkaguzi wa maji. Kijana mwembamba, si mkali wala si mchekaji. Alipokuja mara ya kwanza, Tajiri alikuwa ameshaingiza mpira wa maji safi kwenye bomba la kutokea ili umanjano ufifie. Mkaguzi aliuona mpira bado unadondosha. Akauokota, akaukunja vizuri, akamkabidhi Tajiri mkononi.

"Nitarudi," alisema. "Nikikuta maji haya, nafunga. Na nikifunga, usitegemee kufungua."

Ndani ya ile karakana mlikuwa na chakula cha nyumba yetu yote. Mume wangu na wifi walitegemea pale, na cherehani yangu ilikuwa inaleta mboga tu. Tajiri naye akatafakari, na ghafla mapipa ya yule mwanamke yakawa mapipa yetu. Wifi akapewa uwanja wa nyuma na ruhusa ya kutumia toroli bila kuchekwa.

Aliyapanga mapipa kwa kushuka, moja likimwagia jingine: maranda, maranda tena, kisha pipa la uji wa wachomeleaji, kisha pipa la kutulia. Jioni moja akaja kwangu, akasimama mlangoni.

"Wifi, yale mabaki ya shuka nyeupe unayoyatupa, nayaomba."

"Hata mabaki yangu, wifi?"

"Na wewe una taka nzuri," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

Vitambaa vile alivichovya kwenye pipa la mwisho kila asubuhi na kuvitundika kwenye misumari ukutani. Cha kwanza kilikuwa ndugu wa kile cha bibi harusi. Vilivyofuata vilipauka kidogo kidogo. Siku kilipotoka cheupe kabisa alikileta nyumbani, akaniwekea juu ya cherehani, akaenda kuoga. Nilikishonea pindo. Sijui kwa nini nilikishonea pindo kitambaa kisicho na kazi, lakini nilikishonea. Baada ya hapo hata mwenye kiwanda cha vigae alipeleka salamu kwamba matope ya kijani atayachukua kwa kutia rangi vigae vyake, mradi karakana ipite ukaguzi.

Tukaanza kupumua. Kosa letu.

Ukaguzi ulipangwa Jumatatu. Jumapili baada ya chakula cha mchana wifi alijilaza, na Kioo akaazima mkokoteni kwa jirani. Alirudi jua halijazama, anapiga mluzi, akajifungia bafuni anasugua mikono.

"Umetoka wapi?" nikamwuliza kupitia mlangoni.

"Kazini."

"Jumapili?"

"Wewe subiri. Kesho dada atatembea kifua mbele."

Nilidhani ameng'arisha matangi. Nikamwacha na mluzi wake.

Asubuhi nilikwenda nao kwa sababu Tajiri alikuwa ameagiza kwangu aprini mpya kwa wafanyakazi wote, mgeni asiwakute na matambara. Wifi alipitia kwanza kwa wachomeleaji kuchukua ndoo ya uji. Mimi na Kioo tukatangulia, na tulipofika Tajiri alikuwa tayari nyuma ya karakana na mkaguzi, anamwonyesha mapipa.

Nilipoyaona sikuyatambua. Yalikuwa yamepakwa rangi ya fedha. Ndani yake, badala ya lile rundo la kahawia lililozoeleka, mlijaa maranda meupe, yaliyojikunja kama nywele za mwanasesere, yanawaka juani. Tajiri alikuwa anachekelea. Kioo alinigusa kiwiko.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Nimeyatoa kwa wale wanaotengeneza masinki ya jikoni. Safi, hayana hata chembe ya kutu."

"Yale ya zamani yako wapi?"

"Nimeyapeleka jalalani. Yalikuwa yameoza, yanatia aibu."

Nami sikujua. Nilitazama mapipa nikaona yamependeza, basi. Wifi alipotokea na ndoo yake kichwani, Kioo alinyoosha mgongo kama mtu anayengoja kupigwa picha. Wifi akasimama. Aliitua ndoo taratibu, akayatazama mapipa moja baada ya jingine, na uso wake ukawa mtupu.

"Nani amegusa mapipa yangu?"

"Mimi, dada," Kioo akasema, bado anatabasamu. "Nilitaka mgeni akukute umependeza. Tazama yanavyong'aa."

Wifi akatia mkono mfukoni. Mfukoni mwa aprini yake alikuwa anatembea na sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu; kila gunia la maranda lililomfikia lilipita kwanza kwa ile sumaku. Akaitumbukiza kwenye pipa, akaizungusha, akaitoa. Unyoya mmoja ulining'inia kwa uvivu, kisha ukaanguka.

"Hii ni stenlesi," mkaguzi akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetamani awe amekosea.

"Si chuma hicho?" Kioo akauliza. "Tena chuma cha maana."

"Ni chuma kisicholiwa na kutu," wifi akamwambia. "Mimi nilitaka kinacholiwa."

Hapo ndipo hata mimi nikaelewa. Yale yaliyooza yalikuwa yameoza kwa sababu yalikuwa kazini. Kutu ile aliyoionea aibu mume wangu ndiyo ilikuwa alama ya jasho lao. Na nani mwingine angefanya kosa kama lile isipokuwa mtu aliyefundishwa tangu ujana kwamba kutu ni adui, na aliyemfundisha ni huyu huyu dada? Tulichungulia pipa la mwisho. Maji yaliyopita humo tangu jana yalikuwa ya manjano kama mkojo wa asubuhi.

"Naomba muda," wifi akamwambia mkaguzi. "Maranda mengine nikiyapata leo, kabla ya wiki kuisha maji yatakuwa meupe. Vitambaa ninavyo, njoo uvione."

Mkaguzi alikwenda akavitazama vile vitambaa msumarini, kimoja kimoja, hakuviruka.

"Dada, nakuamini," akasema. "Lakini nimetumwa kupima maji ya leo. Maji ndiyo ninayopima, nia ya mtu sina kifaa cha kuipima."

Akaenda garini kuchukua chupa. Alichelewa kule. Mpaka leo sijui kama alichelewa kwa makusudi. Mgongo wake ulipopotea tu kwenye kona, Tajiri akamrukia wifi.

"Mpira ule pale. Fungua maji safi, ujaze pipa la mwisho. Haraka."

Wifi hakusogea.

"Unanisikia? Watu wote hawa watakula nini?"

"Dada, fungua tu," Kioo akasema. Sasa alikuwa ameelewa alichokifanya. "Mara hii tu. Kesho nitakuletea maranda, nitayatafuta hata wapi. Fungua, dada."

Nami, nisiwe mnafiki, moyoni nilikuwa nasema fungua wifi, fungua. Nilikuwa nawaza bili ya maji, unga, kila kitu. Bomba lilikuwa hapo hapo, hatua chache, na mpira umekunjwa vizuri vile vile alivyoukunja mkaguzi.

Wifi alilitazama lile bomba. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Nikilifungua," akasema, "haya mapipa nilikuwa nayajaza ya nini?"

Mkaguzi aliporudi, wifi alimpokea chupa mkononi, akaichovya mwenyewe kwenye pipa la mwisho, akaifunga kifuniko, akampa. Tajiri alimtukana kwa maneno ambayo sitayarudia. Yule mkaguzi aliishika chupa ile muda mrefu kabla ya kuitia kwenye boksi lake.

Majibu yalikuja pamoja na mnyororo. Lango lilifungwa, likawekwa muhuri, na mafundi wakaambiwa waende nyumbani.

Nyumbani nilimsema Kioo mpaka sauti ikanikauka. Nilimsema kwa sufuria zangu zilizokonda, kwa mluzi wake, kwa rangi ya fedha. Nilimsema wifi pia, peke yangu jikoni, kwa ukaidi wake wa bomba. Nilimsema mkaguzi, nikamsema Tajiri, na nilipowamaliza wote hasira ilikuwa bado ipo, imekaa kifuani haina pa kwenda. Kioo hakujitetea. Angalau angejitetea tungegombana. Alikuwa anakaa kitandani ameshika tama, hata kijiko kichafu kikapita mbele yake asikione.

Na wifi hakumwambia neno. Si kwa hasira, au kama ni hasira haikuwa ya kelele. Alipita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya kiti.

"Nitukane basi," Kioo alimwambia mara moja, mezani. "Dada, nitukane yaishe."

Wifi aliosha mikono, akainuka.

Halafu mvua zikaanza, na ndipo nilipojua kwamba mawazo ya wifi hayakuwa kwa Kioo wala kwa kazi. Ndani ya karakana matangi yalikuwa yamejaa, na shimo la kukusanyia maji ya kusuuzia lilikuwa limejaa vilevile. Paa linavuja. Kila mvua ikinyesha shimo linafurika, na linakofurikia ni kwenye bomba lile lile la kutokea, linalopita chini ya ukuta hadi mferejini. Walifunga lango, maji hawakuyafunga.

Alikwenda ofisini kwa mkaguzi. Mkaguzi akamwambia kwamba pale palipowekwa muhuri hata yeye haruhusiwi kuingia mpaka amri itoke juu, na jalada limeshapelekwa juu. Alikwenda juu. Juu wakamwambia arudi kwa mkaguzi. Alikwenda kwa Tajiri, ambaye alishahamia kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi.

"Si wamefunga wao?" Tajiri akamjibu akiwa anampimia mteja nondo. "Basi maji ni yao."

Wifi aliporudi siku hiyo alikaa kwenye kigoda chake na kunisimulia yote, na alipofika kwa Tajiri alijifunika uso kwa vile viganja vyake. Sikuwahi kumwona hivyo. Wakati watu wanafanya kazi na kula kwa yale maji kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. Sasa hayakuwa ya mtu. Yalikuwa yanapita tu nyuma ya nyumba yetu, manjano, yanaelekea kwa wengine.

Mapipa ya fedha yalikuwa yamefungiwa ndani. Lakini lile pipa la kwanza, ambalo jiwe lake lilivunjwa kwa mtaimbo, wifi alikuwa amelileta uani kwetu, mimi naanikia viatu juu yake. Wifi akanishushia viatu. Tulilibingirisha sisi wawili hadi nyuma ya ukuta wa karakana, tukalikalisha chini ya mdomo wa bomba, na chini yake karai la uji wa wachomeleaji. Watu walipita na miavuli yao wakatutazama. Maranda hayakuwepo. Mkereza vyuma alikuwa ameshayaahidi kwa wanunuzi wa chakavu. Basi tukaokota misumari iliyopinda, waya wa kufungia, vifuniko vya chupa, tukajaza. Maji yalipita humo mbio mbio bila kugusana na chochote. Nilichovya kitambaa: manjano. Kesho yake manjano. Nilikitupa chini nikakikanyaga.

"Okota," wifi akasema. "Ni taka nzuri hiyo."

Kioo naye akaanza kupotea. Anatoka asubuhi, anarudi jioni amechoka, ukimwuliza anakwenda wapi anasema anatafuta kazi. Mwanamume anayetoka hivyo unajua mawazo ya mke yanakokwenda. Jioni moja alipovua shati nikalichukua nikalinusa, nikitarajia manukato. Lilinuka kutu. Mgongo mzima ulikuwa wa kahawia, na mabega, na kola. Nikamtazama mume wangu, mtu asiyetoka na doa la punje ya mchele, nikalitia shati kwenye beseni.

Siku iliyofuata alitukuta mferejini. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, mimi nimeshika mwavuli uliovunjika mfupa, wifi ameinama anatoa majani kwenye pipa. Kioo alikuwa na gunia mgongoni, linamwelemea, na nyuma yake mkokoteni wa jirani umebeba mengine. Alilitua gunia miguuni pa dada yake, akabaki amesimama, mikono imening'inia.

"Nimekuwa nafagia karakana za kukereza," akasema. "Zote, mpaka za ng'ambo ya barabara kuu. Nafagia, wananiachia maranda." Akameza mate. "Yana kutu."

Wifi hakumtazama. Akatoa sumaku mfukoni, akafungua mdomo wa gunia, akaiingiza mpaka kwenye kiwiko. Ilipotoka haikuonekana tena kama sumaku; ilikuwa imeota ndevu pande zote, nzito, nyeusi na kahawia. Akazisugua zile ndevu kwa dole gumba, akanusa.

"Yana mafuta," akasema. "Kayachemshe kwa magadi kwanza. Na ulete kokoto."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mdogo wake tangu mnyororo. Kioo akainama haraka kulibeba gunia, akalikosa, akalibeba tena. Alipopita karibu yangu macho yalikuwa yamemjaa machozi, nikajifanya natazama mfereji.

Sasa ni yeye anayeyavunja maranda kwa mtaimbo yakiganda. Matope ya kijani tunayarundika kwenye magunia kibarazani, kwa sababu mwenye vigae naye alitaka cheti na cheti hakuna. Karakana bado imefungwa. Hakuna aliyekuja kupima, na nimeshaacha kutega sikio. Juzi nilichovya kitambaa kikatoka cheupe, nikageuka huku na huku nimwonyeshe mtu, barabara ilikuwa tupu, na damu ikanichemka upya kama siku ya kwanza. Nikakianika kwenye kamba ya uani, mbele kabisa, mpita njia akitaka aone, asipotaka basi.

Kando yake naanika shati la Kioo. Nimelifua kwa kila sabuni ninayoijua na kutu haitoki. Asubuhi analichukua kambani, analivaa hivyo hivyo, anatoka.